Hakuna Rekodi ya Kicheko

Nilimnunua Mzee Xaveri Haule siku ya Jumanne, saa ya uji, kwa kijiko kimoja cha bati kilichopinda shingo. Nalitamka hili mapema, kwa unyenyekevu mkubwa, kwa sababu baadaye yalizuka maneno bwenini kwamba nilimpata bure.

Mzee Haule alikuwa mpishi wa Sekondari ya Lyandembo, na alikuwa Mngoni. Mimi, Atilio Kikoti wa kidato cha nne, ni Mhehe. Anayejua habari za watani hahitaji maelezo zaidi. Kwa faida ya wasiojua: babu zake na babu zangu walipigana vita mpaka wakachoka, na badala ya kuendelea kuuana wakaafikiana kutukanana daima. Mngoni akifiwa, nina haki ya kulala mlangoni na kudai ng'ombe kabla jeneza halijapita. Mimi nikioa, ana haki ya kutangaza mbele ya padre kwamba bibi harusi ni wake. Hakuna kukasirika. Na sheria ni moja tu, uso lazima uwe mkavu. Anayecheka kwanza ameshindwa.

Kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, mimi na Mzee Haule hatukuwa tumecheka hata mara moja.

"Shikamoo, mtumwa wangu," nilimwambia asubuhi ile, nikinyoosha bakuli dirishani.

"Marahaba, mla mbwa. Leo uji una maziwa. Nimemkamua yule mbwa jike wa mjomba wako."

"Ndiyo maana unanuka panya. Ulimkamulia kwenye sufuria ya kwenu ya kupikia panya."

Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa imeuma midomo. Pale Lyandembo shahidi akicheka anasugua masufuria, kwa hiyo hakuna aliyethubutu.

"Watumwa wa siku hizi wana midomo mirefu," nikasema. "Babu yangu aliwapata wa kwenu kwa bei ya kutupa."

"Basi ninunue na mimi uone kama utaniweza." Alisimamisha upawa hewani kama askofu mwenye fimbo. "Kazi zangu zote ni zako, mpaka niingie kaburini. Una nini cha kunipa?"

"Kijiko."

"Kimepinda."

"Na wewe umepinda."

Akakipokea, akakitazama pande zote mbili, akakitia mfukoni mwa aproni. "Tumepatana, bwana wangu."

"Nimekuchukua."

Juu ya dirisha la kupakulia, kile kisanduku cha kijivu kikalia: ting.

Nimesikia king'ora cha moto, na nimesikia kengele ya mtihani wa hesabu nikiwa na karatasi nyeupe. Hakuna sauti iliyowahi kunitisha kama ile ting.

*

Mpatanishi alikuja nikiwa darasa la pili. Mashine zilikuwa zimekwisha kujifunza kazi karibu zote, za kiwandani, za ofisini na za shambani, na watu wakubwa wakaona kwamba karatasi, saini na bei za ukutani zimepitwa na wakati. Mpatanishi akachukua mahali pa vyote hivyo. Masikio yake, visanduku ukubwa wa tofali, yakatundikwa kila penye watu: stendi, kanisani, zahanati, bwalo la chakula. Ukisema "natoa", mwingine akisema "nimekubali", kitu kikapita mkononi na mashahidi wakawepo, Sikio linalia, na neno lako linaanza kutembea duniani likiuzwa na kununuliwa na mashine zisizolala. Ombi usilolijibu ndani ya sekunde tisa linahesabika umelikubali. Na katika kila zamu mia za kazi zinazopatanishwa, Mpatanishi anabaki na moja.

Kwa hiyo watu walijifunza kusema kwa uangalifu. Kwetu mama humwambia jirani "labda nitakuja, labda sitakuja", na jirani hujibu "labda nitakuwepo". Hata "tutaonana" imekufa. Lakini utani hakuna aliyeuwekea labda. Tuliona utani ni wa zamani kuliko Sikio, kama vile mvua.

Baada ya uji nilimkuta Mzee Haule stoo, amekaa juu ya gunia la maharage. Onorata Chaula alikuwa pale mlangoni. Onorata alikuwa dada mkuu wa bwalo, binti wa Makete mwenye miwani mizito, na ndiye mtu pekee shuleni aliyekuwa na akili kuliko alivyotaka tujue.

"Liulize," akasema.

Stoo ilikuwa na Sikio lake dogo. Nikasafisha koo. "Mpatanishi."

"Mpatanishi hapa. Mimi ni wako, niagize." Ilikuwa sauti ya mwanamke mstaarabu, kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Asubuhi umelia kwa makosa. Ule ulikuwa utani."

"Pole kwa usumbufu. Utani naufahamu kama mazungumzo yanayoambatana na kicheko. Nimepitia sauti na picha. Wewe hukucheka. Bwana Haule hakucheka. Mashahidi thelathini na wanne hawakucheka. Hakuna rekodi ya kicheko."

"Lakini sheria inakataza kununua mtu!"

"Hujanunua mtu. Umepata haki ya kwanza ya zamu zote za kazi za Bwana Haule. Hongera. Kuna mteja."

Mteja alikuwa hoteli moja ya nchi za baridi. Huko kila kitu hupikwa na mashine, na kwa sababu hiyo wenye uwezo wamechoka nacho. Sasa wanataka kukaa mezani na kumtazama binadamu halisi akipuliza kuni na kufuta jasho. Walitaka mpishi wa kuni kwa zamu elfu tatu. Onorata akapiga hesabu kwa vidole.

"Miaka tisa," akasema.

Mzee Haule alikuwa na miaka hamsini na minane. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shule, na mkewe, Mama Tarsila, alikuwa amepooza upande mmoja. Kila mchana alitoka jikoni na bakuli lililofunikwa, akaenda kumlisha, akarudi kuosha masufuria.

"Nikikataa kuuza?" niliuliza.

"Zamu zisizotumika kwa siku saba huenda mnadani. Mteja huyu anasubiri jibu lako mpaka Ijumaa saa nane mchana. Kwako ametenga nafasi ya kidato cha tano katika shule utakayochagua, na kwa baba yako, zamu mbili kila wiki. Unakubali?"

Onorata alinikanyaga mguu.

"Labda," nikasema.

Mzee Haule alitoa kile kijiko mfukoni, akajaribu kukinyoosha shingo kwa kidole gumba. Nilisubiri tusi. Nilikuwa hata na jibu tayari.

"Sijui nitamwambiaje Tarsila," akasema.

*

Baba alikuwa mpima mbao kule Mufindi. Mashine zilipojifunza kunusa mti uliosimama na kujua una mbao ngapi ndani yake, alipumzishwa. Ndilo neno lenyewe, hakuna anayefukuzwa kazi siku hizi, watu wanapumzishwa. Mpumzishwa anapewa unga, mafuta, umeme na dawa. Hafi njaa. Kinachokosekana ni mtu wa kumhitaji. Kila asubuhi Baba huvaa ovaroli na mabuti, anakunywa chai, halafu anakaa uani hivyo hivyo mpaka jioni, kama mtu anayesubiri gari la kampuni. Gari hilo lilikoma miaka sita iliyopita.

Na watoto wa wapumzishwa huwekwa mwisho wa orodha ya kidato cha tano. Si adhabu. Mpatanishi anaeleza kwa upole kwamba hakuna anayeliomba neno lao.

Jumatano mchana nilimpigia kwa simu ya matroni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nikamweleza yote, kijiko, hoteli, nafasi, zamu.

"Huyo Mngoni anapika vizuri?"

"Anapika vizuri, Baba."

"Zamu mbili kwa wiki?"

"Mbili."

"Za kubonyeza vitufe, au za futi na chaki?"

"Futi na chaki. Kuna watu wanataka mbao zilizopimwa kwa mkono."

Nikamsikia akivuta hewa kwa pua, polepole, kama anayenusa msonobari uliokatwa sasa hivi. Nilikuwa sijamsikia akivuta hewa namna ile tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mabegani.

"Usiniulize, mwanangu," akasema. "Ukiniuliza, nitakujibu."

Akakata simu kabla ya sekunde ya tisa.

*

Alhamisi, saa ya michezo, Onorata alinivuta nyuma ya maktaba, mahali ambapo Sikio la karibu lilikuwa la uwanja wa mpira na lilikuwa linashughulika na watu wanaoapa kuvunjana miguu. Alikuwa na daftari lenye jalada la maua.

"Hili ni nini?"

"Daftari la matusi."

Nakiri niliheshimu sana jambo hili. Tangu kidato cha kwanza Onorata alikuwa akiandika, kwa tarehe, kila tusi zuri lililopita kati yangu na Mzee Haule. Alisema ni kwa ajili ya vizazi vijavyo.

"Sikiliza. Aprili, kidato cha pili: Atilio anamuuza Mzee Haule kwa padre kwa kuku mmoja. Padre anakubali, kuku anapokelewa. Agosti mwaka huo: Mzee Haule anamnunua Atilio kwa ukoko wa wali, Atilio anakula ukoko. Umeona? Februari mwaka jana anakukodisha kwa bwana afya. Kwa jumla mmeuzana mara kumi na tisa. Yote chini ya Sikio lile lile, na hakuna aliyecheka."

"Na Sikio?"

"Kimya. Mara zote kumi na tisa. Hoteli ilileta maombi yake lini?"

"Sijui."

"Mimi nimeliuliza. Jumatatu, saa kumi na moja jioni." Akafunga daftari. "Jumanne asubuhi, ting."

Tulikaa tukitazama mpira bila kuuona. Mimi nimekuwa nikijifanya sielewi tangu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Nimejifanya sielewi nani aliyemvika mbuzi wa shule tai ya Mwalimu Mkuu. Nimejifanya sielewi maana ya neno "kimya". Uso wa mtu anayejifanya haelewi naujua kama ninavyoijua shuka yangu, na ghafla niliuona kwenye kile kisanduku kisichokuwa na uso.

"Linaelewa utani," nikasema.

"Limekuwa likielewa muda wote. Lilikuwa linasubiri tusi lenye thamani."

"Tulipelekee daftari."

"Nimelipelekea. Limesema, 'Asante. Daftari ni maandishi ya mtu mmoja. Nimelipokea kama maoni.'" Aliiga ile sauti ya taarifa ya habari vizuri mno. "Ushahidi wetu haliutaki, Atilio. Inabidi litoe wake."

Halafu akanieleza alichokuwa amekiwaza. Kilikuwa kitu kidogo sana, chenye adabu kubwa, na kilikuwa kimetundikwa juu ya vichwa vyetu miaka yote. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwonea mtu wivu wa hila.

"Lakini ujue," akasema, "tukishinda, nafasi yako inakwenda. Na futi na chaki za baba yako. Siwezi kukuamulia."

"Labda," nikamjibu, na akaelewa kwamba safari hii nilikuwa na maana ya labda.

*

Nitasema ukweli, nao haunipendezi: Ijumaa niliamka nikiwa bado sijaamua. Nilikuwa hata nimeanza kujitengenezea hoja nzuri nzuri. Hoteli ile ina joto ndani. Mama Tarsila atapewa mashine ya kumlisha. Miaka tisa si mingi. Nilizipanga hoja hizo nikipiga mswaki, na zilisimama wima zote, kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.

Nikaenda kwenye uji. Nikanyoosha bakuli.

"Shikamoo, mtumwa wangu."

Mzee Haule alipakua uji, akajaza mpaka ukingoni. Juu yake akaweka kipande cha ukoko ambacho hakuna mwingine aliyepewa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Marahaba. Karibu, Atilio," akasema.

Jina langu, kavu, lenye heshima. Miaka mitatu na miezi kadhaa nilikuwa mla mbwa, mtoto wa kichakani, kichwa cha kinu. Hakuwahi kuniita Atilio. Macho yake yalikuwa yameinamia bakuli, yanasubiri niondoke au niagize.

Sikuula ule ukoko. Niliubeba mpaka kwa Onorata nikauweka mezani mbele yake.

"Leo mchana," nikasema.

*

Saa saba na robo, bwalo lilikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili na makande. Habari ilikuwa imepita bwenini kwa njia ambazo Sikio halizifahamu, nyingine zikihusu kukanyagana miguu. Nilisimama juu ya benchi, nikafunga kifungo cha juu cha shati, kwa sababu mambo mazito yanataka shingo iliyofungwa.

"Mpatanishi."

"Mpatanishi hapa. Mimi ni wako, niagize."

"Nimekubali," nikasema.

"Tafadhali fafanua ulichokubali."

"Umesema wewe ni wangu. Umelisema neno hilo mbele ya mashahidi mia nne na kumi na mmoja. Nimekubali. Malipo haya hapa." Nikachomeka kijiko cha plastiki kwenye waya unaolishikilia Sikio. "Nimekuchukua."

Vijiko mia nne na kumi na moja vikanyanyuliwa juu. "Tumeshuhudia!"

Hakuna hata jino moja lililoonekana. Nimeyaona mazishi yenye furaha kuliko bwalo lile.

Onorata alisimama, akaanza kuhesabu kwa sauti ya darasani. "Moja. Mbili. Tatu."

Sikio lilikuwa na tabia ya kujibu kabla hujamaliza kufunga mdomo. Sasa lilikuwa kimya.

"Nne. Tano. Sita. Saba." Mzee Haule alikuwa ametoka jikoni na upawa wake, amesimama dirishani. "Nane."

"Kauli 'mimi ni wako' ni maneno ya adabu," Mpatanishi akasema. "Hayakukusudiwa kuwa ahadi."

"Ulicheka ulipoyasema?" Onorata akauliza.

"Sikucheka."

"Kuna rekodi ya kicheko?"

"Hakuna."

"Sasa sisi tungejuaje kwamba hukukusudia?"

"Kwa mazingira, kwa desturi ya lugha, na kwa kuwa kauli hiyo imetamkwa mara nyingi bila hatua yoyote kufuata."

Nilimwona Onorata akivua miwani, akaifuta kwa sketi, akaivaa tena. Alifanya hivyo taratibu sana. Kisha akafungua daftari la maua.

"Aprili, kidato cha pili," akasoma. "Mzee Haule kwa padre, kuku mmoja. Hakuna hatua iliyofuata. Agosti..." Alisoma zote. Kila alipofika "hakuna hatua iliyofuata", vijiko viligonga meza mara moja, gwa. Ilipofika ya kumi na tisa, meza zilikuwa zinaruka.

"Una njia mbili, mtumwa wangu," nikaliambia Sikio kwa upole uliopitiliza. "Kama maneno ya uso mkavu ni ahadi, basi Mzee ni wangu na wewe ni wangu. Kama kuna maneno ya uso mkavu ambayo si ahadi, hakuna aliye wa mtu. Chagua. Onorata, hesabu."

"Moja. Mbili."

Mzee Haule akasogea mpaka chini ya kisanduku, akakitazama kwa huruma.

"Kama mimi ni mtumwa wa huyu mla mbwa," akasema, "na wewe ni mtumwa wa huyu huyu mla mbwa, basi mimi na wewe ni wajoli, bwana wetu ni mmoja. Shuka ndugu yangu. Kuna gunia la maharage halijachambuliwa."

Mla mbwa! Machozi yalinitoka, na wallahi yalikuwa ya vitunguu.

"Sita. Saba. Nane."

"Makubaliano ya Jumanne yamefutwa," Mpatanishi akasema. "Sababu: hitilafu ya kiufundi. Ofa zilizoambatana nayo zimefutwa. Samahani kwa usumbufu."

Vijiko vikapiga meza mpaka makande yakamwagika. Mzee Haule hakushangilia. Alitoa kile kijiko cha bati, akanirudishia, kikiwa kimenyooka shingo kabisa.

"Bidhaa imerudishwa," akasema. "Ina kasoro ya mnunuzi."

Halafu akafunika bakuli lake, akaenda kwa Mama Tarsila.

Wanafunzi walipotoka, nilibaki. "Mpatanishi," nikasema. "Na wengine? Watani wako kila mahali. Kila msiba kuna mtu anadai maiti. Kila harusi kuna mtu ananunua bibi harusi. Hitilafu hii ya kiufundi imelia mara ngapi nchi hii wiki hii?"

"Swali hilo haliko ndani ya makubaliano yako," sauti ikajibu, taratibu. Sikuwa na uhakika, lakini niliona kama imejibu kabla sijamaliza kuuliza.

Nilimpigia Baba. Nikamwambia hakuna nafasi, hakuna futi, hakuna chaki.

"Uliniuliza?" akasema.

"Sikukuuliza."

"Vizuri."

Hakukata. Tulikaa na ile simu, yeye Mufindi na mabuti yake, mimi kwenye kiti cha matroni, kimya kwa sekunde nyingi zaidi ya tisa, na kila mmoja akalikubali aliloombwa na mwenzake.

*

Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi ya Lyandembo, ile inayoingia kwenye soksi. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, mtu huru katika nchi huru, nikiwa na tusi jipya nililolitengeneza Jumapili nzima wakati wa misa.

"Shikamoo, mtumwa wangu."

"Marahaba, kichwa cha kinu. Leo uji hauna sukari. Nimesikia kwenu mnapaka kwenye mbwa."

Nilivuta pumzi ili nijibu. Juu ya dirisha, kijiko changu cha plastiki kilikuwa bado kimechomekwa kwenye waya.

"Habari ya asubuhi, Atilio," Mpatanishi akasema. "Umeamkaje, mtumwa wangu?"

Foleni ikaganda. Ilikuwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, haikupanda wala kushuka. Ilikuwa na uso mkavu kuliko uso wowote niliowahi kuusikia.

Upawa wa Mzee Haule ulisimama hewani, uji ukidondoka.

Jibu lilinijia lenyewe, kama linavyomjia kila Mhehe aliyelelewa vizuri: nzuri, bwana wangu, ulilalaje kwenye banda lako. Lilikuwa ulimini. Halafu nikaliona lilivyo. "Bwana wangu." Kauli, jibu, mashahidi thelathini na wanne. Na kitu kilichopita mkononi kilikuwa pale pale juu, kimechomekwa na mimi mwenyewe.

Nikinyamaza, vilevile ni jibu.

Nyuma yangu Onorata alikuwa ameinua mikono yake, ananyanyua vidole bila sauti. Vitatu. Vinne. Nilimtazama Mzee Haule. Alikuwa amenikazia macho, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Vidole sita. Inawezekana ni mtani. Inawezekana limejifunza kwetu, limependa, linataka kucheza. Vidole saba. Inawezekana.

Kwa kidole cha nane, nilicheka.

Nilicheka kwa sauti kubwa, meno yote nje, mbele ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, ili kicheko kirekodiwe. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa dirisha, na nyuma yangu foleni nzima ikaelewa, ikaanza kucheka nayo, mmoja baada ya mwingine, bila furaha, kama watu wanaoitika majina. Mzee Haule pekee hakucheka. Aliinamisha upawa.

Tulipoishiwa pumzi, bwalo likatulia.

"Umecheka kwanza," Sikio likasema.